Kipindupindu Hakijui Sare

Katika mji wa Juba, jirani na soko la Konyo-Konyo, upo mtaa uitwao Malakia. Jina hilo si la Juba peke yake. Miji mingine ya Sudan Kusini nayo ina mitaa ya jina hilohilo. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha kiraia. Zamani za majeshi ya Misri na Uingereza, neno hilo lilitumika kuutenganisha mtaa wa raia na kambi ya askari. Hata hivyo, wengi wa waliojenga mitaa hiyo walikuwa ni askari waliomaliza utumishi wao, pamoja na wake zao, watoto wao, mafundi na wachuuzi walioishi kwa kulihudumia jeshi. Kwa hiyo Malakia ni mtaa wa raia uliozaliwa na kambi.

Jambo hili lina ndugu zake katika Afrika Mashariki. Kibera, mjini Nairobi, ilianza kama makazi ya askari Wanubi waliotoka Sudan. Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majina haya yote yanashuhudia ukweli mmoja, nao ni kwamba baina ya kambi na mtaa hakuna ukuta. Askari huingia lindoni akiwa na sare, lakini zamu ikiisha hurudi kwa familia yake, hula chakula cha soko lilelile na hunywa maji ya mto uleule.

Maji ndiyo yanayostahili kuzungumzwa kwanza. Juba imejengwa kandokando ya Nili Nyeupe. Tangu uhuru wa tarehe 9 Julai 2011 mji umepanuka upesi kuliko mabomba yake. Kwa sababu hiyo kaya nyingi hununua maji yanayoletwa na magari ya tangi na kuyahifadhi katika mapipa na madumu. Maji hayo hupita mikono mingi kabla ya kufika kinywani: hupita katika tangi, katika mpira, katika pipa na katika kikombe. Mkono mmoja mchafu unatosha kuyaharibu yote.

Matokeo yake yamekwisha kuonekana. Mwezi Mei 2014 ilithibitishwa kwamba kipindupindu kimeingia Juba, na mwaka huo nchini kote waliugua watu zaidi ya 6,000 na kufa zaidi ya 160. Ugonjwa ulirudi mwaka 2015. Ukarudi tena mwaka 2016, na safari hiyo haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka mwanzoni mwa 2018, baada ya kuwashika watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 400. Mwishoni mwa 2024 ulizuka kwa mara nyingine, ukianzia upande wa kaskazini, na katika mwaka 2025 ukawa mkubwa kuliko yote iliyowahi kuipata nchi hiyo tangu uhuru. Katika milipuko yote hiyo, ugonjwa haukuuliza nani ni raia, nani ni koplo na nani ni afisa.

Inafaa kueleza jinsi ugonjwa huu unavyofanya kazi, kwa maana adui asiyejulikana hapigwi. Kipindupindu huletwa na vijidudu vinavyotoka katika choo cha mgonjwa na kuingia katika maji au chakula cha mtu mwingine. Mgonjwa huharisha na kutapika mfululizo, na mwili wake hupoteza maji na chumvi upesi mno hata anaweza kufa katika muda wa saa chache. Lakini mgonjwa huyohuyo, akirudishiwa maji na chumvi mapema, aghalabu hupona. Kwa hiyo kinachoua hasa ni kuchelewa, na kinachoeneza ni desturi mbaya za kila siku.

Watu hawakuujua ukweli huu tangu zamani. Mwaka 1854, mjini London, daktari John Snow alichunguza vifo vya mtaa mmoja na kuona kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wakichota maji katika pampu moja. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Snow aliwashawishi wakuu wa mtaa waung'oe mpini wa pampu ile, na sababu ya vifo ikaanza kutazamwa pale ilipo, yaani katika maji.

Historia ya majeshi nayo inafundisha jambo hilohilo kwa uchungu. Katika vita vya Crimea, vilivyopiganwa kuanzia 1853 hadi 1856, askari wa Uingereza waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na silaha za adui. Hapa Afrika Mashariki, katika vita vya 1914 hadi 1918, maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa jeshi walipoteza maisha, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na udhaifu uliotokana na lishe duni. Jeshi linaweza kushindwa kabla halijafyatua hata risasi moja, iwapo nusu ya kombania imelala mkekani ikishika matumbo.

Swali linalofuata ni hili: ikiwa mambo haya yanajulikana, mbona ugonjwa unarudi? Jibu ni kwamba kujua ni kitu kimoja na kuwa na desturi ni kitu kingine. Kipindupindu kinapozuka, amri hutolewa, matangazo husomwa, ndoo za maji na sabuni huwekwa kila mlangoni. Miezi inapopita bila ya mgonjwa, sabuni huisha na haiongezwi, ndoo huchukuliwa kufanyiwa kazi nyingine, na watu hurudia yale ya zamani. Amri ilikuwapo, desturi haikuzaliwa.

Askari anaielewa tofauti hii vizuri kuliko watu wengine. Kuruta anapokabidhiwa bunduki, siku za mwanzo huamriwa kuisafisha. Baada ya muda hahitaji kuamriwa. Mkono wake huenda wenyewe kwenye kitambaa na mafuta kila arudipo kutoka doria, wala hangoji kutu ionekane ndipo aanze kusafisha. Jambo lililomfikisha hapo si woga wa adhabu peke yake. Kazi ile imefungwa na jambo jingine ambalo hutokea kila siku, yaani kurudi kutoka doria, na sasa hilo moja huliita lile la pili. Desturi za afya nazo hujengwa hivyohivyo. Anayesema, "Nitakuwa nanawa mikono mara nyingi," husahau kabla jua halijatua. Anayejiwekea kwamba mkono haugusi chakula mpaka umenawa, na kwamba hatoki chooni ila kwa kupitia kwenye ndoo ya maji na sabuni, ameifunga kazi hiyo kwenye kigingi kisichong'oka.

Tanzania iliwahi kulionyesha jambo hili kwa kutumia redio. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili, wengi wao vijijini, walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vitabu vyao, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Walichimba vyoo, wakafukia madimbwi na kufyeka majani karibu na nyumba. Nguvu ya kampeni hiyo haikuwa katika sauti ya mtangazaji tu. Kikundi kiliamua pamoja, na kila mmoja akawa shahidi wa mwenzake. Lakini kampeni kama hiyo huacha pia onyo: shimo huchimbwa siku moja, ila choo hutumiwa kila siku. Choo kilichochimbwa ili mkaguzi akione, kisha watu wakaendelea kwenda vichakani, ni sawa na handaki lisilo na mlinzi.

Basi ni desturi zipi zinazomfaa askari wa Juba na familia yake iliyoko Malakia au mtaa mwingine wowote?

Ya kwanza ni maji ya kunywa. Maji ya mto yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, au yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu walau dakika moja. Kisha yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba. Mkono na kikombe visitumbukizwe ndani, bali maji yamiminwe. Kazi hii ifungwe na saa maalumu, kwa mfano mara tu baada ya chakula cha jioni, ili asubuhi chupa ya askari ijazwe maji salama kabla hajatoka kwenda kazini.

Ya pili ni mikono na choo. Sabuni ikikosekana, majivu safi yaweza kutumika. Choo kiwe mbali na mahali pa kuchota maji na kifunikwe nzi wasiingie. Kikosi kinapopiga kambi porini, choo kichimbwe siku ileile ya kufika. Tangu 2019 wapiganaji wa pande mbalimbali za Sudan Kusini walikusanywa katika kambi za mafunzo, na kundi la kwanza la majeshi ya pamoja lilihitimu mjini Juba tarehe 30 Agosti 2022. Maelfu ya watu wanapowekwa mahali pamoja, choo huwa ni silaha ya kujihami kama ilivyo bunduki.

Ya tatu ni kuni na mkaa. Huenda wengine wakasema kwamba kuchemsha maji kunamaliza mkaa, na neno hilo ni la kweli. Mkaa wa Juba hutoka katika misitu iliyo kando ya barabara za kutoka mjini, na kila miti inapokatwa mkaa husafiri masafa marefu zaidi na bei yake hupanda. Dawa ya klorini haihitaji moto. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi. Sufuria ikifunikwa, moto haupotei bure. Jiko la bati lenye udongo wa mfinyanzi ndani, ambalo lilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutumia mkaa kidogo sana kuliko jiko la bati tupu. Pesa iliyookolewa kwenye mkaa yaweza kununua sabuni na dawa ya maji. Hivyo kuutunza msitu na kuitunza afya ni kazi moja, wala si kazi mbili.

Ya nne ni mapumziko. Askari wa zamu ya usiku akitoka lindoni na kwenda moja kwa moja kwenye araki, mwili wake haupumziki, umezimwa tu. Asiyelala vizuri hukasirika upesi, hulenga vibaya na huamua vibaya, na anayebeba bunduki hana ruhusa ya kuamua vibaya. Usingizi ndani ya chandarua, saa maalumu ya kulala, na mwenzake wa kuaminika wa kumweleza yaliyo moyoni ni sehemu ya afya kama yalivyo maji safi.

Pamoja na hayo, kila nyumba ijue la kufanya ugonjwa ukiingia. Mtu akianza kuharisha maji matupu, anyweshwe mara moja mchanganyiko wa lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku akipelekwa upesi kwenye kituo cha afya. Asifichwe kwa aibu. Chanjo ya kunywa ipo nayo ni msaada mkubwa, lakini haichukui nafasi ya maji safi na choo.

Mzigo wa haya yote hauwezi kuachiwa askari wa chini peke yake. Hakuna desturi inayoota mizizi mahali ambapo hapana maji wala sabuni. Ni wajibu wa kamanda kuhakikisha kwamba vitu hivyo vinapatikana, na kwamba ukaguzi wa asubuhi unatazama pipa la maji na choo kama unavyotazama viatu na bunduki. Zaidi ya hayo, afisa mwenyewe anawe mikono mbele ya watu wake. Askari hufuata mgongo wa aliye mbele yake kuliko sauti ya aliye nyuma.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Askari na polisi wameapa kuwalinda raia. Raia wa kwanza kulindwa na askari wa Juba ni mtoto wake mwenyewe, na baada yake jirani anayechota katika pipa lilelile. Kambini na Malakia maji ni yaleyale. Desturi njema ikianza kambini, haitachelewa kufika mtaani. Na uzembe ukianza mtaani, jioni utakuwa umekwisha kuvuka lango la kambi bila kuulizwa neno la siri.