Mwalimu Ugenini: Vijana Wanaokwenda Japani Kufundisha Kiingereza

Nchini kwetu habari ya mwalimu mgeni si habari mpya. Wazee wetu wengi walifunzwa kusoma na watu waliotoka mbali, waliofika bila kujua lugha ya kijiji, wakachekwa na watoto kwa sababu ya matamshi yao, na baada ya miaka wakawa kama wenyeji. Kwa hiyo twaweza kuielewa vizuri habari tunayotaka kuwasimulia juma hili: habari ya vijana ambao kila mwaka huacha nchi zao kwenda kufundisha Kiingereza katika visiwa vya Japani. Ndani yake mna mafunzo kwa kila mwalimu, na kwa kila jamaa yenye kijana anayetamani kuvuka bahari ili kufundisha.

Kwa nini Wajapani wanawaita?

Wengine watashangaa. Japani ni nchi yenye shule nyingi na walimu hodari. Ina haja gani ya vijana wa kigeni? Jibu ni hili. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Japani walijifunza Kiingereza kwa ajili ya mitihani. Walijua kanuni za sarufi, waliweza kufasiri ukurasa mgumu wa kitabu, lakini mgeni akiwasalimu njiani walinyamaza. Walikuwa kama mtu aliyejifunza kuogelea katika kitabu, asiyepata kutia mguu mtoni.

Basi mwaka 1987 serikali ya Japani ilianzisha mpango uitwao JET. Mwaka ule wa kwanza walifika vijana 848 kutoka nchi nne: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Tangu hapo nchi nyingine nyingi zimeongezwa, na jumla ya watu waliopita katika mpango huo imezidi 70,000. Wachache kati yao hufanya kazi katika ofisi za miji au katika michezo. Walio wengi, zaidi ya tisa katika kila kumi, ni wasaidizi wa walimu wa lugha. Na haja yao haikupungua, kwa maana mwaka 2020 Kiingereza kilifanywa somo kamili lenye kutiwa alama hata katika darasa la tano na la sita la shule za msingi.

Kazi yenyewe ni ya namna gani?

Anayetaka kwenda lazima awe raia wa nchi iliyopatana na Japani, tena awe na diploma ya chuo kikuu. Hadaiwi kujua Kijapani. Hupewa mkataba wa mwaka mmoja, unaoweza kufanywa upya mpaka ifike miaka mitano, wala si zaidi. Aweza kusema angependa kukaa wapi, lakini hana haki ya kuchagua. Aliyeota taa za Tokyo huenda akajikuta katika kijiji cha wavuvi, au katika kisiwa kidogo ambako yeye ndiye mgeni pekee.

Shuleni huvua viatu mlangoni na kuvaa vya ndani, kama wafanyavyo wote. Adhuhuri hula pamoja na watoto darasani mwao. Na masomo yakiisha huwaona watoto wakishika mafagio na vitambaa, wakisafisha shule yao wenyewe. Hapo kijana aliyezoea kwamba usafi ni kazi ya mtumishi hupata somo kabla hajatoa somo.

Lakini jambo gumu zaidi ni jina lake: yeye ni msaidizi. Mwenye darasa ni mwalimu Mjapani, nao wawili hufundisha pamoja. Mwalimu huyo akijua kumtumia vema, mmoja huuliza, mwingine hujibu, na watoto husikia lugha ikiishi mbele yao. Asipojua, mgeni husimamishwa pembeni, akaitwa tu asome sentensi kwa sauti ili darasa lirudie. Wengi hulalamikia jambo hilo. Hata hivyo walio na busara hutafuta kazi isiyoandikwa katika mkataba: hucheza na watoto wakati wa mapumziko, husahihisha madaftari, hujiunga na michezo ya jioni. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Heri mgeni anayeliomba jembe mwenyewe.

Twapenda pia kusema neno moja bila kuficha. Kuzaliwa katika lugha si sawa na kujua kuifundisha. Mtoto wa London husema Kiingereza bila kosa, lakini ukimwuliza kwa nini neno hili hutangulia lile, aweza kukosa jibu. Na mwalimu Mjapani aliyeipata lugha hiyo kwa jasho ajua penye kikwazo, kwa sababu alijikwaa hapo hapo. Ndiyo maana kuwaweka wawili darasani si upumbavu. Mmoja huleta sauti ya lugha, mwingine huleta njia ya kuifikia.

Walimu wawili ambao hawakurudi

Tarehe 11 mwezi wa tatu mwaka 2011, saa nane na dakika arobaini na sita mchana, ardhi ilitetemeka kwa nguvu kubwa mno mbele ya pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Baada ya muda si mrefu bahari iliinuka ikaingia katika miji. Waliokufa na waliopotea walizidi 18,000.

Katika mji wa Ishinomaki alikuwako msichana wa Marekani mwenye umri wa miaka 24, Taylor Anderson, aliyetoka katika jimbo la Virginia. Alikuwa akifundisha huko tangu mwaka 2008, akizunguka katika shule mbalimbali za mji. Tetemeko lilipokoma alikaa na wanafunzi mpaka wazazi walipokuja kuwachukua watoto wao. Ndipo alipopanda baiskeli kurudi kwake, na maji yakamkuta. Katika mji wa Rikuzentakata alikufa mwenzake, Montgomery Dickson, mwenye umri wa miaka 26, mtu wa Alaska. Hao ndio wawili wa mpango ule waliouawa na maji siku hiyo.

Wazazi wa Taylor wangeweza kuichukia nchi iliyomchukua binti yao. Hawakufanya hivyo. Waliunda mfuko wa ukumbusho, wakaanza kutoa vitabu vya Kiingereza kwa shule za Ishinomaki, kwa kuwa binti yao alipenda sana kusoma. Na rafu za vitabu hivyo zilitengenezwa na seremala mmoja wa mji ule, ambaye mwenyewe alipoteza watoto wake wote watatu katika maji yale yale. Wasomaji, fikirini: baba Mjapani asiye na watoto tena apiga randa mbao za ukumbusho wa mwalimu aliyetoka ng'ambo. Tukiulizwa mwalimu mgeni ameacha nini, jibu limo katika rafu hizo.

Na watoto wetu je?

Yapo maswali ambayo vijana wa kwetu wenye kujua Kiingereza huuliza: Je, nasi twaweza kwenda? Yafaa tuwajibu kwa kweli. Nchi nyingine hazitazami kwanza ufundi wa mtu bali pasipoti yake. Korea ya Kusini, kwa mfano, huwapa viza ya kufundisha Kiingereza hasa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini. Hiyo ya mwisho ndiyo nchi pekee ya Afrika katika hesabu hiyo. Hata walio wa nchi hizo hudaiwa diploma na hati ya polisi kwamba hawana hatia. Kwa hiyo kijana asidhani amekataliwa kwa sababu hana akili. Wala asikubali kudanganywa na mtu amwambiaye kwamba mlango huo hufunguliwa kwa fedha kidogo.

Kwa anayepata nafasi ya haki katika nchi yo yote, twatoa mashauri machache. Asiondoke kabla ya kuusoma mkataba wote katika lugha anayoielewa: mshahara, saa za kazi, nyumba, matibabu, nauli ya kurudi. Viza ya utalii si ruhusa ya kazi. Atakayemwambia aende kwanza kwa viza hiyo, mambo yatatengenezwa baadaye, amtilie shaka. Pasipoti yake aishike mwenyewe. Nakala za hati zake aziache nyumbani kwa baba au kaka.

Na jamaa wanaobaki, tuwaambie nini? Kijana aliye ugenini si mfuko usio na tundu. Ana kodi ya nyumba, ana baridi, ana upweke ambao hataki kuuandika. Barua inayouliza hali yake kabla ya kuuliza fedha itamtia nguvu ya kusimama mbele ya darasa kesho.

Kazi ya ualimu ni moja, mtu akiwa Bukavu au Ishinomaki. Diploma humfikisha mwalimu mlangoni. Mkataba humpa kiti. Lakini watoto huangalia jambo lingine: kama ardhi ikitetemeka, mwalimu huyu atakaa nasi mpaka wazazi wetu wafike?