Usahili si Ufupi: Zoezi la Kufundishia Uandishi wa Kisheria

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Hata hivyo, Kiswahili pekee hakileti uwazi. Wanafunzi wa sheria wapewe sentensi hii ya kubuni: "Taarifa itatolewa ndani ya siku 30." Mkulima wa Busi, wilayani Kondoa, aliyeomba ardhi hatajua nani ataitoa, wala siku zihesabiwe tangu lini, kwa kuwa kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Waiandike upya: "Halmashauri ya Kijiji itampa mwombaji taarifa ndani ya siku 30 tangu ilipopokea ombi lake." Sentensi imerefuka, lakini sasa mkulima anajua amdai nani, na lini. Usahili, basi, haupimwi kwa idadi ya maneno.