Dubai: Boksi bapa ndilo lenye faida

Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh ambao, wakimaliza shughuli zao Deira, hutafuta teksi ya kwenda Festival City, liliko duka la IKEA. Mapambo yake ya nyumbani wanayapenda, na Afrika Mashariki duka hilo halina tawi. Katika bara letu lilifika Misri mwaka 2013 na Moroko mwaka 2016.

Swali la mfanyabiashara ni moja: kipi kinafika nyumbani kikiwa bado na faida?

IKEA ilianzishwa Sweden na Ingvar Kamprad mwaka 1943, ikaanza kuuza samani mwaka 1948. Katika miaka ya 1950 ilianza kuuza meza zilizong'olewa miguu na kufungwa katika boksi bapa. Mteja hukaza skrubu mwenyewe, lakini halipii kusafirisha hewa.

Tupige hesabu. Kwa mizigo ya ndege, kanuni ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Kilo zikizidi za mizani, unalipia hizo. Meza ndogo ya 55 kwa 55 kwa 45 ikiwa imeshaundwa inahesabiwa karibu kilo 23. Ikiwa katika boksi la 56 kwa 56 kwa 6 ni kilo 3 na ushei, na hapo mizani ndiyo huamua. Kwa meli, meta moja ya ujazo huchukua meza 7 zilizoundwa, au maboksi zaidi ya 50.

Mito ni kinyume chake, kwani ni hewa iliyoshonewa kitambaa. Nunua foronya tu; sufi ipo nyumbani. Taa hazina tabu, maana plagi ya Dubai ni ile ile ya pini tatu za mraba.

Ushuru nao haucheki. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka samani katika kundi la juu la asilimia 35, ingawa nchi huweza kuomba viwango tofauti katika bajeti. Kisha huja VAT: asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya. Kwa kiwango hicho, samani za Sh 100,000 pamoja na nauli ya meli hulipiwa ushuru Sh 35,000, na VAT ya Tanzania Sh 24,300 juu yake, kabla ya tozo nyingine. Kwa maneno mengine, hewa uliyoisafirisha nayo hutozwa kodi.

Wanaoulizia hisa hawatazipata sokoni. Sehemu kubwa ya maduka ya IKEA duniani ni ya Ingka, inayomilikiwa na wakfu wa Uholanzi, na la Dubai huendeshwa na Al-Futtaim, kampuni binafsi. Pier 1 Imports ya Marekani, iliyouza mito na vikapu, ndiyo iliyokuwa na hisa New York. Iliomba kinga ya mufilisi Februari 2020, na mwaka huo huo maduka yake yote yakafungwa.