Mangareva: Hesabu ya Uwili Kabla ya Kompyuta

Jumlisha mafungu 70 ya mashelisheli na mafungu 30, kichwani, kwa Kimangareva cha zamani. Sabini ni tataua paua takau: 40, 20 na 10. Thelathini ni paua takau. Takau mbili zikikutana huwa paua. Sasa una paua tatu. Mbili zinageuka tataua, moja inabaki. Tataua mbili nazo zinakuwa varu, yaani 80. Jibu ni varu paua: 100. Hukuhitaji kukariri jedwali lolote la kujumlisha. Ulihitaji kujua tu kwamba viwili vya daraja moja hufanya kimoja cha daraja la juu yake.

Mangareva ndicho kisiwa kikubwa katika visiwa vya Gambier, Polinesia ya Kifaransa, takriban kilomita 1,600 kusini-mashariki mwa Tahiti. Lugha yake ina wasemaji wachache mno. Zamani machifu walipokea vyakula kama ushuru, kisha vikagawanywa katika karamu kubwa, na maandishi hayakuwapo. Pweza na mashelisheli, miongoni mwa vitu vilivyothaminiwa, vilihesabiwa kwa mafungu ya viwili, vinne au vinane, kutegemea ni kitu gani. Idadi ya mafungu hayo ndiyo iliyopangwa kwa takau, paua, tataua na varu.

Andrea Bender na Sieghard Beller wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichapisha uchambuzi wa mfumo huu mwishoni mwa 2013. Waliona ndani yake hatua za uwili, msingi uleule wa sifuri na moja unaoendesha kompyuta. Mwanahisabati Mjerumani Leibniz aliandika juu ya hesabu ya uwili mwaka 1703. Watafiti hao wanakadiria kuwa Wamangareva walimtangulia kwa karne kadhaa. Si uwili mtupu, maana 1 hadi 9 zilibaki na majina yake, na sifuri haikuwapo. Ila kuanzia kumi kwenda juu, kila daraja ni maradufu ya lililotangulia, kama vipimo vyetu vya nafaka: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi.

Linalonivutia zaidi ni jinsi ugunduzi huu unavyopindua dhana ya zamani. Wataalamu wengi waliamini kwamba kuhesabu kitu hiki kwa njia hii na kile kwa njia ile ni dalili ya akili isiyoifikia bado namba ya jumla. Mangareva inaonyesha kinyume. Hesabu ya makumi ni urithi wa kale wa lugha za Kiaustronesia: toru (3) na varu (8) za huko ni ndugu wa telo na valo za Kimalagasi, hapa Bahari ya Hindi. Hata jina la nane lenyewe lilipata kazi ya pili, kuita 80. Kwa hiyo Wamangareva walikuwa na namba za jumla tangu awali, na juu yake wakabuni chombo cha pili, kilichorahisisha kazi nzito ya kukokotoa bila kuandika. Huo ni uvumbuzi wa kihisabati, na unastahili kuitwa hivyo.

Mapadri wa Kifaransa Honoré Laval na François Caret walitia nanga huko mwaka 1834. Baada yao zikaja shule, Kifaransa na tarakimu za kuandika, na hesabu ya takau na paua ikaacha kutumika. Tunaijua leo kwa sababu maneno yake yaliingizwa katika kamusi na maandishi ya zamani kuhusu kisiwa hicho.