Kopo la choo cha mtoto hueleza polio ilikotoka

JE, umewahi kumwona mtoto aliyelala akiwa mzima akaamka asubuhi mguu mmoja umelegea kama kitambaa? Wazazi wengi yakiwafika hayo hudhani mtoto ameanguka akicheza, au sindano aliyodungwa juzi imemdhuru. Humpaka mafuta, humkanda kwa maji moto, na siku zinapita.

Siku hizo zinazopita ndizo huwanyima usingizi wataalamu wa maabara. Yafaa ufahamu, msomaji, kwamba mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla hupaswa kuripotiwa mara moja na choo chake kuchukuliwa kupimwa. Si kila kulegea ni polio. Yapo maradhi mengine ya neva, na sindano iliyodungwa vibaya kweli huweza kuumiza mshipa wa fahamu. Lakini hakuna daktari anayeweza kutofautisha haya kwa macho tu.

Huenda ukauliza, kwa nini choo na wala si damu? Sababu ni kwamba kirusi cha polio huzaana katika utumbo na kutoka kwa wingi pamoja na choo, hasa katika wiki mbili za kwanza baada ya kiungo kulegea. Hata hivyo hakitoki kwa kiwango kimoja kila siku. Leo kinaweza kujaa, kesho kikawa haba. Ndiyo maana muuguzi atakuomba sampuli mbili, zilizopishana kwa angalau saa 24, na zote zipatikane ndani ya siku 14. Kila moja itoshe ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima, yaani gramu 8 hadi 10.

Wazazi wengine hutoa ya kwanza bila kinyongo, kisha ya pili wakaiona usumbufu. Usifanye hivyo. Ikiwa ya kwanza ilichukuliwa siku ambayo kirusi kilikuwa kichache, ya pili ndiyo itakayosema kweli.

Choo hicho hutiwa katika kopo safi lenye kifuniko cha kuzungusha, bila kuongezwa maji wala dawa yoyote. Kama mtoto hutumia poti, na poti lenyewe limetoka kuoshwa kwa dawa ya kuua viini, lisuuze vizuri kwanza, kwa maana dawa hiyo itaua kile kinachotafutwa. Juu ya kopo huandikwa jina la mtoto na tarehe, na maandishi hayo lazima yalingane na ya kwenye fomu inayoeleza siku kiungo kilipolegea na chanjo alizopata. Kopo lisilo na jina halina faida kwa mtu yeyote, hata likifika likiwa baridi namna gani.

Na baridi ndiyo kiini cha safari yote. Tangu kopo linapofungwa hadi linapofika maabara, linatakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na lifike ndani ya siku tatu. Likichelewa zaidi ya hapo, ligandishwe. Humu nchini makopo hayo hupelekwa katika maabara ya polio ya Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, jijini Nairobi. Pima mwenyewe umbali wa kutoka Mandera au Lodwar, joto la barabarani, na gari linaloharibika njiani.

Ufungaji nao una kanuni zake za kimataifa. Kopo huzungushiwa pamba au karatasi ya kunyonya maji, likatiwa ndani ya chombo cha pili kisichovuja, kisha vyote vikawekwa katika kisanduku kigumu chenye pakiti za barafu. Nje hubandikwa alama ya UN 3373, inayomwarifu mchukuzi kwamba amebeba vitu vya kibayolojia. Fomu huwekwa kando katika mfuko wa plastiki ili isilowe. Kisanduku kilichokwisha kubeba choo hakirudishwi kubeba chanjo, hata kikisuguliwa vipi.

Baridi yote hii ni ya nini? Ni kwamba kirusi kinatakiwa kifike kikiwa hai. Kwa miaka mingi maabara za polio zimekuwa zikikikuza kwanza ndani ya seli, kazi ambayo huweza kuchukua hadi wiki mbili, na kilichokufa hakikuzwi. Wapimaji wana hila moja ya kujua kama baridi ilitunzwa. Katika choo cha watoto hupatikana mara kwa mara virusi vingine vya tumbo visivyo vya polio. Ikiwa makopo mengi kutoka eneo fulani hayatoi hata hivyo, si ajabu barafu ikawa iliyeyuka njiani. Basi jibu la "hakuna polio" kutoka huko haliaminiki sana.

Kirusi cha polio kikipatikana huanza safari ya pili, ya kwenda kusomwa jeni, wakati mwingine katika nchi nyingine. Hapa mambo hugeuka. Sasa si lazima kiwe hai, na ni salama zaidi kikiwa kimekufa. Tone lake huweza kudondoshwa kwenye kadi nene ya karatasi iliyotiwa kemikali. Kemikali hizo hukivunja kirusi lakini huzihifadhi jeni zake, na kadi ikikauka inaweza kusafiri ndani ya bahasha bila barafu. Vingine hutumwa katika barafu kavu, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sufuri. Sanduku la barafu hiyo halizibwi kabisa, kwani gesi inayotoka humo inaweza kulipasua.

Jeni za kirusi hiki ni uzi wenye herufi zaidi ya 7,000. Wataalamu husoma hasa kipande kinachounda sehemu ya ganda lake, ambacho kwa polio ya aina ya pili kina herufi 903. Kirusi kinapopita kutoka mtu hadi mtu, karibu herufi moja katika kila mia ya kipande hicho hubadilika kwa mwaka, yaani kama tisa hivi. Kwa hiyo, kirusi kilichotofautiana na cha chanjo kwa herufi 18 kimekuwa kikizunguka kwa karibu miaka miwili. Na kikilinganishwa na virusi vya nchi nyingine, jamaa zake hujulikana.

Chukua mfano wa Malawi. Mnamo Novemba 2021 mtoto mmoja wa Lilongwe alipooza, na sampuli zake mbili zikachukuliwa tarehe 26 na 27 mwezi huo. Jeni ziliposomwa Afrika Kusini na Marekani, Februari 2022, ilibainika ni polio ya asili, ndugu wa kirusi kilichoonekana katika jimbo la Sindh, Pakistan, mwaka 2019. Afrika ilikuwa imetangazwa huru na polio ya asili mnamo Agosti 2020! Kampeni za chanjo zilianzishwa Malawi na kwa majirani zake, Tanzania ikiwemo.

Hata Nairobi haijasalimika. Mnamo Machi 2018 maji taka ya Eastleigh yalipatikana na polio ya aina ya pili iliyotokana na chanjo, na jeni zake zikaelekeza Banadir, Somalia.

Kwa hivyo mtoto wako akilegea kiungo ghafla, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na utaje tarehe halisi ulipoliona tatizo. Ukiombwa uchukue sampuli ya pili nyumbani, liweke kopo katika kisanduku cha barafu utakachoachiwa, mbali na chakula, kisha mpigie simu afisa aje alichukue. Matibabu ya mtoto hayangojei majibu ya maabara. Na usishangae afisa huyo akibisha hodi tena siku 60 baadaye. Atakuwa amekuja kuutazama ule mguu, kama bado umelegea.