Swichi Inayosukumwa na Umeme

Katika Sio Port, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria karibu na mpaka wa Uganda, omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mtoto anayekulia mahali kama hapo huzoea betri, waya na balbu mapema, mara nyingi kabla hajashika kompyuta. Kuanzia 2016 serikali ya Kenya ilipeleka tabuleti katika shule za msingi, na lilikuwa jambo jema. Lakini tabuleti humpa mtoto jibu bila kumwonyesha lilikotoka. Kwangu mimi, somo la kompyuta lingeanza kwenye betri na swichi, kwa sababu kuna jambo moja kuhusu mashine hii ambalo kioo hakiwezi kulifunza.

Hesabu yenyewe si ngeni kwetu. Kompyuta hutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1, kwa kuwa ni rahisi kujua waya una umeme au hauna, na ni vigumu zaidi kupambanua viwango kumi vya umeme bila kukosea. Vipimo vya kale vya nafaka vya Waswahili vilifuata mpango huohuo wa mbili-mbili: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Vibaba vitano ni pishi moja, bila kisaga, na kibaba kimoja, yaani 101. Vibaba vitatu ni 011. Ukiongeza kibaba kimoja juu ya hivyo vitatu, vibaba viwili vinakuwa kisaga, visaga viwili vinakuwa pishi, nawe unabaki na 100. Kila kipimo kikijaa, moja inabebwa kwenda safu inayofuata.

Sasa tuufunge mpango huu kwa waya. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, taa haiwaki mpaka zote ziwe zimewashwa. Hiyo ndiyo taa ya ile moja inayobebwa. Kisha chukua swichi mbili za ngazini, zile ambazo kwazo mtu huwasha taa akiwa chini na kuizima akifika juu. Zikiungwa ipasavyo, taa huwaka swichi zinapotofautiana na huzimika zinapofanana. Hiyo ni taa ya kinachobaki: 0 na 1 huacha 1, 1 na 1 huacha 0. Wengi huishia hapo na kudhani wameielewa kompyuta. Bado. Taa ya safu ya kwanza haiwezi kuisukuma swichi ya safu ya pili. Lazima mtu aitazame, kisha abonyeze kwa kidole. Anayejumlisha bado ni binadamu.

Kinachokosekana ni swichi inayosukumwa na umeme wenyewe. Nayo haiko mbali. Malaba, ambako malori hupanga foleni kuvuka mpaka, fundi umeme wa magari anaijua rilei, kile kijidude cheusi ambacho hukibadilisha honi au taa kubwa zinapogoma. Ile yenye miguu mitano ndiyo inayotufaa. Umeme ukipita kwenye koili yake, koili inakuwa sumaku na kuvuta kijibamba kihame kutoka mguu mmoja hadi mwingine. (Za malori mengi ni za volti 24; kwa betri ya sola ya volti 12, tafuta ya gari dogo.) Rilei nane zinatosha kuunda safu moja inayopokea kilichobebwa na kubeba tena. Unganisha safu kadhaa, na moja inapopita kutoka safu hadi safu utaisikia: tak, tak, tak. Mwaka 1937 George Stibitz, mtafiti wa Bell Labs huko Marekani, alifanya hivihivi kwenye meza ya jikoni kwake, kwa rilei za simu, balbu za tochi na vipande vya mkebe wa tumbaku. Miaka michache tu baadaye, maabara hiyo ilikuwa na kikokotoo chenye mamia ya rilei.

Mtu atasema tabuleti inaweza kuigiza haya yote kwa programu, bila gharama. Inaweza, lakini programu hiyo inategemea mashine ileile tunayotaka kuifahamu, na waya wake haulegei kamwe. Waya uliolegea hufunza mengi: hulazimisha mtu kufuata umeme hatua kwa hatua hadi ajue uliishia wapi. Kuhusu gharama, safu mbili zinalitosha darasa zima. Zaidi ya hapo, chipu moja ya 7483 hujumlisha safu nne kwa volti 5, ambazo chaja ya simu hutoa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kompyuta za leo zina transista mabilioni, na rilei ni mambo ya makumbusho. Lakini transista, iliyovumbuliwa Bell Labs hiyohiyo mwaka 1947, inaposhika kazi hii ni swichi inayosukumwa na umeme, isiyo na kijibamba. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa nazo takriban 2,300. Wingi na kasi vimebadilika, mipaka ya safu haijabadilika. Weka 1111 kwenye safu nne za rilei, uongeze 1: taa zote nne zinazimika, na ile moja ya mwisho haina pa kwenda. Kompyuta zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa safu 32, moja ikiwa ya kuonyesha hasi au chanya, zitafika hapohapo tarehe 19 Januari 2038, baada ya sekunde 2,147,483,647.