Ukileta furu mpya kwenye tangi, fanya haya asipigwe hadi kufa

Umeweka furu mpya kwenye tangi la kioo jioni, asubuhi unamkuta mapezi yamechanika, kajibanza kwenye kona. Huo siyo ugonjwa. Kapigwa na wenyeji wake.

Furu wa Ziwa Victoria ndivyo walivyo. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza, dume hushika eneo lake kati ya mawe na kufukuza madume wengine. Wanasayansi waliowachunguza walikuta kuwa mara nyingi humvamia zaidi mwenye rangi kama yake, maana huyo ndiye mshindani wake kwa majike. Mmoja wao ni Pundamilia nyererei, furu mwenye dume jekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985.

Ziwani anayeshindwa anakimbia. Kwenye tangi hana pa kwenda, anaendelea kupigwa tu.

Kabla ya kumwachia mgeni, fanya hivi:

1. Panga upya mawe yote. Mbabe akipoteza mipaka yake, wote wanaanza sifuri.

2. Walishe wenyeji kwanza, halafu zima taa.

3. Ingiza wageni kadhaa kwa pamoja, kichapo kisimwangukie mmoja.

4. Usiweke madume wawili wa rangi moja. Majike wawe wengi kuliko madume.

Kufukuzana kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Ila ukiona mgeni hali chakula na anajificha juu karibu na uso wa maji, mtoe siku hiyo hiyo. Usisubiri wazoeane.